Imepimwa na nani?

"Ami, mbona ya kwetu bado ni mbili nukta kumi?"

Ilikuwa Ramadhani ya 2025, baada ya tarawehe, saa ambazo Lamu ndipo huchangamka. Usita wa Mui umejaa watu, watoto wanakimbizana kati ya punda, na harufu ya kaimati imepenya hadi ndani ya chumba chetu cha kompyuta huku Mkomani. Ni chumba kidogo chenye mashine za mtumba, na yeyote mwenye kazi ya shule au barua ya kuchapa huingia. Aliyeuliza ni binti wa jirani, yuko kidato cha tatu, na ndiye fundi wa kadi za harusi wa mtaa mzima. Mfunguo Mosi ulikuwa unakaribia na kazi zilishaanza kummiminikia.

Alinisogezea simu yake nisome. GIMP 3.0, toleo jipya la programu ya picha anayotengenezea kadi, ilikuwa imetoka tarehe 16 Machi. Mashine zetu zilikuwa na Debian 12, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na ndani yake GIMP 2.10, mfululizo ulioanza Aprili 2018.

"Hiyo mpya haijapimwa," nikamwambia. "Ya kwetu imepimwa."

"Imepimwa na nani?"

"Na Debian."

Akanitazama akingoja niendelee. Sikuwa na la kuongeza. Akarudi kwenye kadi yake, nami nikabaki na swali.

Lilinikaa wiki nyingi. Nimeshughulika na programu huria kwa muda mrefu, na neno "imepimwa" nimelitumia kwa walimu, kwa wazee wa kamati na kwa vijana wanaotaka kila kipya. Hakuna aliyewahi kuniuliza kilichofuata.

Maswali ya britney

Nilianza pale nilipodhani napajua, yaani kanuni yenyewe ya Debian ya kuingiza programu.

Mtunzaji wa pakeji, yaani programu iliyofungwa tayari kusakinishwa, akimaliza kazi huipakia kwenye Sid, tawi ambalo halijatulia na halikusudiwi kutulia. (Matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu ya watoto kuhusu vitu vya kuchezea. Sid ni yule mtoto wa jirani anayevivunja. Nani alisema wahandisi hawana mzaha?) Kutoka Sid pakeji huhamia tawi la majaribio, na kutoka hapo, toleo likiwadia, ndipo tawi thabiti, lile la watumiaji wa kawaida kama sisi, huzaliwa.

Uhamisho wa kwanza kwa kawaida haufanywi na mtu. Unafanywa na programu inayoitwa britney, nayo ina maswali yake. Pakeji imejengeka kwenye aina zote za prosesa zinazohudumiwa, kuanzia ARM za vikompyuta vya bei nafuu hadi mitambo mikubwa ya IBM? Vitegemezi vyake, yaani programu nyingine inazozihitaji, vipo upande wa pili? Ikiingia, haitavunja nyingine iliyotangulia? Majaribio yake ya kujiendesha yamepita? Ina hitilafu mpya yenye uzito wa kuzuia toleo, ambayo ile ya zamani haikuwa nayo? Na je, imemaliza siku zake Sid?

Siku zenyewe ni 10 kwa pakeji isiyo na haraka, 5 kwa ya kawaida, na 2 kwa ya dharura.

Maswali mengi hapo mashine inaweza kujijibu yenyewe. Kujengeka ni kujengeka, kitegemezi kipo au hakipo. Lakini mawili ya mwisho yanategemea binadamu, tena kwa njia ya ajabu: yanategemea binadamu wasioongea. Pakeji inakaa siku tano, hakuna aliyeripoti hitilafu nzito, inapita. Britney haina njia ya kujua kama siku hizo tano pakeji ilitumiwa na watu elfu kumi wakaridhika, au haikuguswa na mtu hata mmoja.

Kwake yote mawili ni kimya.

Kimya cha mwezi

Tukiwa bado kwenye mfungo, nilikaa barazani jioni ya ishirini na tisa, na kama kila mwaka mazungumzo yalikuwa mamoja tu. Nani atauona, ameonekana wapi, habari za nje zikubaliwe au zisikubaliwe, Kadhi atasema nini. Mijadala hiyo huichoka kila mwaka, lakini safari hii nilisikiliza kwa sikio jingine.

Kwa sababu nasi tunasubiri ripoti ndani ya muda uliowekwa. Tunataka shahidi, tena anayejulikana ni nani, aseme kwa ulimi wake kwamba ameona. Asipopatikana, hakuna anayesema "basi, kwa kuwa hakuna aliyepinga, kesho ni Idi". Tunakamilisha thelathini. Kimya cha mwezi maana yake subiri.

Kimya cha Sid maana yake pita.

Nilitaka kuliona hilo kuwa kasoro ya wazi, na kwa siku kadhaa nililiona hivyo. Kisha nikakumbuka ukubwa wa kazi. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na pakeji zaidi ya 64,000. Karibu wote wanaozitunza wanajitolea, wengine wanafanya hivyo usiku baada ya kazi zao za mshahara. Ukisema kila pakeji isihame mpaka apatikane mtu wa kuishuhudia, zitakwama maktaba ndogondogo ambazo hakuna anayezijua kwa jina ingawa kila mtu anazitumia kupitia programu nyingine. Mwezi ni mmoja na wanaoutazama ni wengi. Huku watazamwa ni makumi ya maelfu na macho hayatoshi.

Na kimya cha siku tano si kizuizi pekee. Toleo likikaribia tawi la majaribio hugandishwa kwa hatua. Kwa Debian 13 hatua ya kwanza ilianza 15 Machi 2025, siku moja kabla ya GIMP 3.0 kutangazwa rasmi, ya pili 15 Aprili, ya tatu 15 Mei. Kadiri siku zinavyosonga ndivyo mabadiliko yanavyobanwa, hadi timu ya matoleo inaanza kusoma ombi moja baada ya jingine na kuuliza: mstari huu umeubadilisha kwa nini? Hapo sasa kuna mtu.

Nikatulia kidogo. Halafu nikakumbuka xz.

Nusu sekunde

Wengi wenu mnaijua habari hii, kwa hiyo nitagusa tu nilipokwama mimi.

Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi kwenye mashine yenye Sid. Ili vipimo vyake visichafuliwe, alitaka mashine itulie kabisa, kusiwe na kitu kingine kinachokula prosesa. Haikutulia. Watu wasiojulikana walikuwa wakibahatisha nywila kwenye ssh, programu ya kuingilia mashine kutoka mbali, jambo la kawaida kwa mashine iliyo wazi mtandaoni, lakini kila jaribio lililoshindwa lilikula prosesa kupita kiasi. Kuingia kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya zamani. Akaifuata nusu sekunde hiyo hadi ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, akakuta mlango wa siri. Tarehe 29 Machi akaueleza ulimwengu.

Aliyeuweka alijiita Jia Tan. Alikuwa amejitolea kwenye mradi huo tangu 2021, kwa upole na uvumilivu, mpaka akaaminiwa kutoa matoleo.

Sasa rudi kwa britney. Toleo la 5.6.0 lilitoka mwishoni mwa Februari. Likapakiwa Sid. Likajengeka, vitegemezi vikatimia, siku zikapita bila mtu kulalamika, likahamia tawi la majaribio. Kanuni ilifuatwa barabara. Mlango wa siri ulipita katikati ya maswali yote yale na kila swali likajibiwa vizuri.

Tawi thabiti lilisalimika. Watu wengi waliandika kwamba huo ni ushindi wa utaratibu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliotikisa kichwa kukubali. Lakini ukiitazama vizuri, kilichoukinga ni umri tu. Xz ya Debian 12 ilikuwa ya zamani kuliko hila yenyewe. Lau Debian ingekuwa kwenye kugandisha Machi ile, na Freund akawa na kazi nyingine wiki hiyo, sijui tungesema nini leo. Ubuntu, mfumo unaochota pakeji zake kwa Debian, ilikuwa imebakiza wiki chache kutoa toleo la 24.04. Ikarudisha nyuma toleo la majaribio kwa wiki moja na kuzijenga upya pakeji zake.

Kuna kipande kingine kilichonisumbua zaidi. Siku chache kabla ya Freund kuzungumza, alijitokeza mtu mwenye jina ambalo hakuna aliyelijua akiiomba Debian iharakishe kuchukua 5.6.1. Kwa hiyo hata ule ushahidi wa kutamka, ule niliokuwa nauonea wivu pale barazani, ulikuwepo. Alikuwa shahidi wa uongo.

Kadhi humuuliza shahidi: wewe ni mtoto wa nani, unaswali msikiti gani, nani anakujua? Mtandaoni Jia Tan alikuwa na jibu la kila swali la namna hiyo. Alikuwa na miaka ya kazi nzuri.

Kelele iliyonyamazishwa

Kama xz ilinitia wasiwasi, habari ya zamani zaidi ndiyo iliyoniangusha.

Mwaka 2006 kulikuwa na zana ya kukagua programu, Valgrind, iliyokuwa ikilalamika kila ilipopita kwenye OpenSSL ya Debian, programu inayotumika kutengeneza funguo za siri. Ililalamikia mistari michache iliyokuwa ikisoma kumbukumbu isiyojazwa. Mtunzaji wa Debian akauliza, akajibiwa kwa namna iliyomfanya aamini hakuna tatizo, akaiondoa. Malalamiko yakaisha.

Mstari mmoja kati ya hiyo ulikuwa ndio unaochanganya namba za nasibu, zisizokisika, ndani ya funguo hizo. Ulipoondoka, kitu pekee kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine ni namba ya mchakato, ile ambayo mashine huipa kila programu inayoendeshwa, ambayo kwenye Linux ya siku zile ilikomea 32,768. Yaani kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, na kwa kila aina ya prosesa, Debian nzima duniani, pamoja na Ubuntu iliyochota kwake, ilikuwa ikigawana funguo zisizozidi idadi hiyo. Mtu mwenye kompyuta moja anaweza kuzitengeneza zote mwenyewe na kuzijaribu moja moja.

Pakeji hiyo ikapita Sid. Ikapita tawi la majaribio. Ikagandishwa pamoja na nyingine, na Aprili 2007 ikatoka ndani ya Debian 4.0, tawi thabiti lililopewa baraka zote. Ilikaa hapo hadi Mei 2008, Luciano Bello alipoigundua.

Hapakuwa na nusu sekunde. Funguo zilifanya kazi. Seva ziliwaka, watu waliingia na kutoka, hakuna programu iliyoanguka hata mara moja. Ungeweza kuikalisha Sid siku 5, siku 50 au siku 500 na kimya kingekuwa kilekile, maana hitilafu ya aina hiyo haina sauti ya kumsumbua mtumiaji.

Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijaacha kukifikiria. Mwaka 2006 Valgrind ililalamika, watu wakaona lalamiko ndilo tatizo, wakalinyamazisha. Mwaka 2024 Valgrind ililalamika tena, safari hii juu ya xz 5.6.0, na Jia Tan akaharakisha kutoa 5.6.1 ambayo, pamoja na mengine, ililenga kuinyamazisha. Alijua kanuni zetu kuliko sisi wenyewe. Alijua tunapima kwa kimya, akatuandalia kimya.

Wanaotaka watu waseme

Niliwageukia wenye mifumo mingine kama Debian, nikitumaini wamepata dawa.

Fedora ina utaratibu wa kura. Sasisho likiingia kwenye hifadhi ya majaribio, watumiaji wanalijaribu na kulipa alama: moja juu kama linafanya kazi, moja chini kama halifanyi. Likifikisha alama zilizowekwa linaruhusiwa. Nilipolisoma hilo nilisimama. Hawa wanataka shahidi! Kisha nikasoma mstari wa pili. Lisipopata alama za kutosha, likikaa siku 7 bila kupingwa, linaweza kupita vilevile.

openSUSE Tumbleweed imeikabidhi mashine kazi ya kutazama. Kila picha mpya ya mfumo huwashwa ndani ya kompyuta za kuigiza, programu hubofya vitufe na kulinganisha skrini na jinsi inavyotakiwa kuonekana. Ni ushahidi wa kweli, ila ni wa yale tu aliyeandika jaribio aliyoyawaza. Nayo pia ilipata xz mbovu.

Ubuntu imechagua kalenda. Tangu Oktoba 2004 inatoka Aprili na Oktoba, na mara moja tu, mwaka 2006, ilichelewa miezi miwili. Watu wa Debian walikuwa wakicheka kalenda, wakisema yao hutoka ikiwa tayari. Kati ya Debian 3.0 na 3.1 ilipita karibu miaka mitatu, Julai 2002 hadi Juni 2005, na kicheko kikapungua. Siku hizi Debian nayo hutangaza tarehe za kugandisha mapema. Toleo lenyewe bado linaambiwa litatoka likiwa tayari, lakini limekuwa likitoka takriban kila baada ya miaka miwili.

Sikuona dawa. Niliona watu wanaokiri, kila mmoja kwa njia yake, kwamba hakuna anayeweza kupima kila kitu, hivyo wanaweka muda na kutumaini kwamba ndani ya muda huo mwenye jicho atapita.

Mwenye mali anapokasirika

Ipo sauti nyingine ambayo sisi wapenzi wa tawi thabiti hatupendi kuisikia, ya walioandika programu.

Jamie Zawinski anaandika XScreenSaver, programu ya kulinda na kufunga skrini, tangu miaka ya 1990. Mwaka 2016 ugomvi ulizuka kwa sababu alikuwa ameweka ndani ya programu yake onyo linalojitokeza likiona toleo limezeeka, na kwenye Debian thabiti lilikuwa limezeeka. Watumiaji wakashtuka. Baadhi ya watu wa Debian wakataka kulitoa onyo. Yeye akasema afadhali waitoe programu nzima. Amechoka, alieleza, kupokea malalamiko ya hitilafu alizokwisha kuzitengeneza zamani.

Namwelewa. Tawi thabiti likishatoka, marekebisho yanayoruhusiwa ni ya usalama na ya hitilafu nzito, tena kwa viraka vidogo vinavyobandikwa kwenye toleo lilelile la zamani. Hitilafu ndogo zinazojulikana, zilizokwisha tengenezwa kwingine, zinaachwa makusudi. Zinaishi nasi miaka miwili, mitatu, mitano. Kila tawi thabiti ni orodha ya kasoro tulizokubali kukaa nazo.

Hilo nalo sikuwahi kumwambia mtu hapa chumbani.

Karatasi ukutani

Pamoja na yote hayo, mashine zetu nimeziacha kwenye tawi thabiti, na sababu yenyewe haihusiani na kupimwa.

Ukutani kuna karatasi. Mwalimu mmoja wa Langoni alizichora kwa mkono: bonyeza hapa, shuka hadi mstari wa tatu, chagua hiki. LibreOffice, programu ya kuandikia, ya Debian 12 ni 7.4 na itabaki 7.4 hadi siku ya mwisho ya toleo hilo. Mstari wa tatu utabaki wa tatu. Mama anayekuja kuandika barua ya kuomba kiwanja, aliyejifunza kwa tabu mwaka jana, akirudi mwaka huu anakuta kila kitu kilipokuwa. Watu wa mijini wenye mtandao wa kasi hawalioni hili. Wao programu ikibadilika wanatazama video na kuendelea.

Na kuna bando. Tawi linalobadilika kila siku linakula data kila siku, na mashine zikiwa nyingi hesabu haitoki. Masasisho ya usalama ya tawi thabiti ni machache na madogo, nayashusha usiku kwenye mashine moja na kuzigawia zilizobaki.

Kwa hiyo Debian haikutuahidi kwamba programu ni sahihi. Ilituahidi kwamba haitasogea. Kwa chumba kama chetu ahadi hiyo ina thamani kubwa, labda kuliko ile nyingine, na ningeweza kumjibu hivyo binti wa jirani usiku ule bila kutaja kupima hata kidogo.

Ila kuna deni ndani yake. Tunapokaa salama kwenye tawi thabiti, tunakaa juu ya migongo ya watu waliokaa Sid. Kila mtu akiwa na busara kama mimi, siku tano za Sid zitakuwa siku tano za nyumba tupu. Na nani hasa yuko Sid? Nikiangalia kwa haraka, ni watengenezaji wenyewe, wenye Kiingereza, wenye mtandao wa kudumu. Watapiga kelele ssh ikichelewa nusu sekunde. Je, watajua kama kadi ya harusi ya Lamu inachapika?

Mashine ya pembeni

Mwezi Mei niliitoa mashine moja kwenye foleni, nikaiweka tawi la majaribio ambalo wakati huo lilikuwa limeganda, nikamwambia binti: hii ni yako, ina GIMP unayoitaka, lakini ina kazi yake.

"Kazi gani, Ami?"

"Kikiharibika kitu, unasema."

Hakukaa muda mrefu. Kadi zetu zina basmala juu, kwa herufi za Kiarabu, na kuna programu ndogo ya uchapishaji, si GIMP, ambayo kwenye toleo jipya iliziachanisha herufi. Kwenye skrini zinashikana vizuri. Kwenye karatasi kila herufi imesimama peke yake kama haijuani na jirani yake. Akajaribu karatasi nyingine, akajaribu fonti nyingine, akarudi kwenye mashine ya Debian 12 akachapisha faili lilelile. Likatoka sawa. Hakuna mtu alikuwa ameripoti. Pakeji ilikuwa imepita Sid kwa kimya kitupu.

Tulikaa naye kuandika ripoti kwa Kiingereza, toleo gani, hatua gani, kilichotarajiwa, kilichotokea, na picha ya kadi. Mtunzaji akajibu siku chache baadaye, kwa adabu, akiomba faili la mfano. Akalipata. Akathibitisha kwamba hata kwake inatokea.

Mpaka hapo nilikuwa nimefurahi mno, nadhani kuliko yeye.

Kisha akaona neno lililoandikwa kwenye ukurasa wa ripoti. Debian ina ngazi saba za uzito wa hitilafu na ni tatu za juu tu zinazoweza kuzuia pakeji. Yake ilikuwa imewekwa ya kawaida. Akasoma maelezo ya ngazi zote. Juu kidogo ya kawaida ipo ngazi ya hitilafu yenye athari kubwa kwa matumizi bila kuifanya pakeji isitumike kabisa kwa kila mtu.

"Kwangu haitumiki," akasema.

"Kwa wengine inatumika."

"Hao wengine hawaandiki Kiarabu."

Debian humruhusu mtu yeyote kubadilisha uzito wa ripoti kwa kutuma amri ya barua pepe, lakini desturi ni kumwachia mtunzaji. Tulibishana. Mimi nilikuwa upande wa desturi, nikiogopa tutaonekana wakorofi. Yeye aliona kwamba asipopandisha yeye hakuna atakayepandisha, na akanikumbusha kwamba mimi ndiye niliyemwambia aseme. Mwishowe aliandika sababu zake kwa mistari michache, akaambatisha kadi mbili zilizochapishwa, moja nzima na moja iliyosambaratika, akapandisha ngazi moja. Mtunzaji aliiacha hapo alipoiweka.

Ngazi hiyo haizuii kitu. Tarehe 9 Agosti 2025 Debian 13 ikatoka, na programu ile ikatoka ndani yake na hitilafu yake.

Alikasirika siku mbili nzima, na sikuwa na la kumtuliza. Shahidi alikuwa amepatikana, ameulizwa, ameaminiwa, na bado msafara ukapita. Ni yeye mwenyewe aliyekuja na kanuni nyingine aliyoikuta akisoma: ili hitilafu irekebishwe ndani ya tawi thabiti lililokwisha toka, iwe angalau na uzito ule alioupigania, na kiraka chake kiwe kimeingia Sid kwanza. Uzito tayari anao. Kiraka ndicho kisichokuwepo, kwa kuwa mtunzaji ameandika wazi kwamba hajui mambo ya herufi za Kiarabu na anakaribisha msaada wa yeyote anayeyajua.

Ameanza kusoma C, lugha ya kuandikia programu, kwenye mashine ile ya pembeni. Namsaidia ninapoweza, na mara nyingi siwezi. Kwa sasa basmala anaigeuza picha kwanza ndipo anaiweka kwenye kadi, inachapika vizuri, na bei ya kadi hajaipandisha.